Msichana wa miaka tisa kwenye msafara wa mikokoteni wa 1856: alibeba nini, alikula nini, na kwa nini theluji iliwakuta njiani

SWALI: Ninafundisha darasa la wasichana kanisani, hapa Nairobi. Kila Julai 24 tunakumbuka waanzilishi Wamormoni waliovuka Marekani kwa miguu, na mwaka huu tunaandaa igizo. Wasichana wameniuliza mambo ambayo sina majibu yake. Msichana mdogo aliyetoka Uingereza alifanya kazi gani hasa katika safari ile? Alivuta mkokoteni kweli, au alipanda? Alikula nini? Na kwa nini wakutwe na theluji wakati kila mtu alijua majira yanakwendaje? Mmoja ameuliza pia kama waliosafiri kwa mkopo waliulipa.

JIBU: Mwalimu, nitakujibu kupitia maisha ya msichana mmoja, kwa sababu ukisema "waanzilishi" kwa jumla, wasichana wako hawataona kitu. Achukuliwe Ellen Pucell, aliyeitwa Nellie, aliyezaliwa tarehe 6 Novemba 1846 katika kijiji cha Tintwistle, Cheshire, Uingereza. Alisafiri mwaka 1856 na baba yake Samuel, mama yake Margaret, na dada yake Maggie mwenye miaka 14. Yeye mwenyewe alikuwa na miaka tisa.

Kabla ya yote, waambie wasichana jambo moja. Misafara ya mikokoteni ilikuwa kumi, kati ya 1856 na 1860, nayo ilibeba karibu watu 3,000. Minane ilifika bila maafa makubwa. Miwili tu, wa James Willie na wa Edward Martin, yote ya 1856, ndiyo iliyonaswa na baridi, na humo walikufa zaidi ya watu 200. Nellie alikuwa kwa Martin. Igizo lenu litakuwa la msafara ule mmoja, na itafaa msimulizi alitamke hilo mwanzoni, watazamaji wasidhani kila mtoto wa mwanzilishi alipitia yale.

Tintwistle iko kwenye mabonde ya viwanda vya pamba, mashariki ya Manchester. Wamisionari wa kwanza wa Kimormoni walifika Preston, Lancashire, mwaka 1837, na watu wengi waliowasikiliza kaskazini mwa Uingereza walikuwa wafanyakazi wa viwanda na familia zao. Sheria ya viwanda ya 1844 iliruhusu mtoto wa miaka minane kuajiriwa kwenye kiwanda cha nguo kwa nusu siku, saa sita na nusu, mradi asome saa tatu. Akifika miaka 13 alihesabiwa kijana, na sheria ya 1847 iliiwekea zamu ya vijana na wanawake kikomo cha saa kumi. Kwa hiyo msichana wa bonde lile alikulia mahali ambapo watoto walizoea kuamka gizani, kusimama kutwa na kutii kengele. Asichokijua ni kupika nje kwenye upepo, kuishi na ng'ombe wa kukokota, wala baridi ya nyanda za juu za bara, ambayo haifanani kabisa na theluji ya Cheshire inayokaa siku mbili ikayeyuka.

Mkokoteni uliingia kwa sababu ya nauli. Tangu 1849 Kanisa lilikuwa na Mfuko wa Kudumu wa Uhamiaji, uliowakopesha maskini pesa za safari. Kilichokula pesa hizo ni magari ya turubai na ng'ombe wa kuyakokota. Mwaka 1855 mavuno ya Utah yaliharibiwa na panzi na ukame, mfuko ukapungukiwa, na Brigham Young, rais wa Kanisa, akaagiza watu watembee wenyewe, wakivuta mizigo yao. Bei ikashuka hadi pauni 9 kwa kila mtu aliyezidi umri wa mwaka mmoja, kutoka Liverpool mpaka Salt Lake, Utah. Familia ya watu wanne ilihitaji pauni 36. Kwa bei hiyo walijitokeza watu wengi kuliko mawakala walivyotarajia, na kuchelewa kulianzia hapo hapo: meli za kukodi hazikupatikana kwa wakati.

Meli yao, Horizon, iliondoka Liverpool tarehe 25 Mei 1856 ikiwa na Watakatifu (ndivyo waumini wa Kimormoni wanavyojiita) 856, ikafika Boston mwishoni mwa Juni. Wiki tano baharini. Abiria walilala chini ya sitaha kwenye vitanda vya mbao vya ghorofa mbili. Waligawanywa katika kata, kila kata na rais wake, wakaamka mapema kufagia, na sala ilikuwa asubuhi na jioni. Chakula kilitolewa kibichi: biskuti ngumu, unga, shayiri ya uji, mchele, njegere, nyama ya chumvi. Kila familia ilisubiri zamu yake kwenye jiko moja, na maji yalipimwa kwa siku. Kwenye igizo msikae sana hapa. Pitieni haraka, pamoja na siku za treni zilizofuata, ambako wengine walisafirishwa kwenye mabehewa yasiyo na viti wakalala juu ya mizigo. Tarehe 8 Julai walishuka Iowa City, ambako reli iliishia wakati huo.

Iowa City ndipo mambo yalipoharibika, na hapa mtulie.

Mikokoteni haikuwa tayari. Misafara mitatu ya kwanza ilikwisha ondoka mwezi Juni na kuchukua iliyokuwapo. Wanaume wakaingia useremala, wanawake wakashona mahema. Zaidi ya wiki mbili zikaenda. Mbao kavu zilikuwa haba, basi wakatumia mbao mbichi, na uamuzi huo uliwafuata mpaka milimani.

Mkokoteni wenyewe ulikuwa hivi. Magurudumu mawili makubwa ya mbao, yakiwa yameachana kwa upana wa magari ya ng'ombe ili yapite kwenye nyayo zile zile za njia. Juu ya ekseli kulikuwa na sanduku la futi tatu kwa nne hivi, ubavu wake inchi nane au tisa. Miti miwili ilitokeza mbele, ikaungwa na gongo lililokingama, na mvutaji aliingia kati akalisukuma gongo kwa kifua au tumbo. Mtupu, ulikuwa na uzito wa ratili 60 hivi, kama kilo 27. Mkokoteni wa mitaani kwenu una tairi za gari na ekseli ya chuma yenye beringi. Huu wa Iowa mara nyingi ulikuwa na ekseli ya mbao ikisaga ndani ya kitovu cha mbao, na baina yake mafuta, yalipokuwapo.

Mbao mbichi hunywea zinapokauka. Iowa kuna unyevu, kwa hiyo gurudumu lilionekana zima. Walipoingia Nebraska na kusonga magharibi, hewa ikakauka, kitovu kikapungua, vijiti vikalegea, na ringi ya chuma ikavuka kutoka kwenye gurudumu. Mchanga ukaingia kwenye ekseli. Walipopaka mafuta ya nyama ya nguruwe au sabuni, mchanga ulinata ukawa kama msasa, mbao zikalika upesi zaidi. Basi wakazungushia ekseli ngozi za viatu vya zamani au mabati ya sahani na ndoo. Kila matengenezo yalisimamisha msafara wote, maana hakuna familia iliyoweza kuachwa nyuma peke yake. Hivyo kila gurudumu lililovunjika lilikula saa za siku na unga wa wote.

Sasa mzigo. Mtu mzima aliruhusiwa ratili 17, karibu kilo 8, na mtoto ratili 10, kilo 4 na nusu. Humo ni matandiko, nguo na vyombo vya kulia. Wasichana wako wakitaka kuelewa, kila mmoja achukue mizani nyumbani kwake, aweke blanketi moja ya sufu, gauni la akiba, shali, kikombe, sahani na jozi ya viatu. Kilo nne na nusu zitakwisha kabla hajaweka kitu cha kuchezea. Watu watano walipewa mkokoteni mmoja. Watu ishirini walilala hema moja la mviringo. Kila watu mia walikuwa na mkuu wao, na gari moja la ng'ombe la kubeba mahema na chakula.

Alivuta au alipanda? Alitembea. Juu ya mkokoteni walipanda watoto wachanga na wagonjwa. Mtoto wa miaka tisa mwenye afya alihesabiwa mtu wa miguu, na ambapo familia ilikuwa na watu wachache wenye nguvu alisukuma kwa nyuma kwenye mchanga na miinuko. Kazi zake za kila siku zilikuwa nyingine zaidi. Kuchota maji jioni. Kuangalia wadogo wasipotee kwenye nyasi wala kupita mbele ya ng'ombe. Kuokota kuni, na penye nyanda zisizo na miti, kuokota mavi makavu ya nyati ndani ya aproni. Mavi hayo yakiwa makavu kabisa huwaka vizuri, hayatoi moshi mwingi. Yakinyeshewa hayashiki moto, na jioni ya mvua familia nzima ililala na uji baridi au unga uliokorogwa tu. Siku za kawaida walikwenda kilomita 20 hadi 30. Mpaka mikokoteni ilipoachwa mwezi Novemba, msafara ulikuwa umekwenda zaidi ya kilomita 1,500 kwa miguu.

Mavazi yaandaliwe kwa uangalifu, maana maigizo mengi hukosea hapa. Gauni la msichana wa miaka tisa lilifika chini kidogo ya goti au katikati ya muundi, halikuburura chini kama la mama yake. Juu yake aproni, shali, na boneti ya kukinga jua. Soksi ndefu za sufu na viatu vya ngozi. Msimvalishe msichana gauni jeupe safi. Wiki ya tatu njiani kila kitu kilikuwa rangi ya vumbi, na pindo la gauni limechanika kwenye vichaka. Viatu navyo vilitoboka, na kufikia Oktoba wengi walikuwa wamefunga miguu kwa matambara na vipande vya turubai.

Msafara wa Martin ulianza na watu 576, mikokoteni 146, na magari saba. Uliondoka Iowa City mwishoni mwa Julai, ukafika Florence, Nebraska, tarehe 22 Agosti. Hapo ulikuwa umesalia mwendo wa maili 1,031, yapata kilomita 1,660, na baada ya Florence hakukuwa na mji mpaka Salt Lake, ila ngome na vituo vichache vya biashara.

Swali la majira lilijibiwa Florence, na lilijibiwa vibaya. Msafara wa Willie ulipita hapo siku chache kabla. Tarehe 13 Agosti walifanya mkutano: waendelee, au wangoje huko mpaka majira ya kuchipua? Levi Savage, aliyewahi kuipita nchi ile, alisimama akawaambia wazi kwamba wakienda na wazee, wanawake na watoto mwezi huo, watapata mateso, ugonjwa na vifo. Alilia akisema. Wakapiga kura kuendelea. Savage akasema kwa kuwa wameamua, atakwenda nao, na atawasaidia kwa kadiri awezavyo. Alitimiza neno lake. Wengi wa wale waliopiga kura walikuwa na miezi miwili tu Marekani, hawajawahi kuuona mlima wa futi 7,000 mwezi Oktoba. Waliokuwa na ujuzi wa njia na madaraka kwa pamoja ndio waliopaswa kuwazuia, na ukiacha Savage hawakufanya hivyo. Mimi naliweka kosa hapo, wala siliweki kwa familia za akina Pucell.

Msafara wa Martin nao ukaondoka Florence tarehe 25 Agosti. Kila mkokoteni ukaongezewa gunia la unga la ratili 100 hivi, kilo 45, juu ya uzito wa awali, kwenye magurudumu yaliyokwisha anza kulegea.

Piga hesabu pamoja na wasichana ubaoni. Unga wa misafara hii ya mwisho ulikadiriwa kwa siku kama 60. Ukigawa maili 1,031 kwa 60 unapata maili 17 kwa siku, kilomita 27, kila siku, bila Jumapili ya kupumzika, bila gurudumu kuvunjika, bila mazishi. Siku 60 kutoka tarehe 25 Agosti zinaangukia tarehe 24 Oktoba. Tarehe hiyo walikuwa Red Buttes, karibu na mji wa leo wa Casper, Wyoming, kilomita zaidi ya 600 kutoka mwisho wa safari.

Chakula basi kilipungua hivi. Mwanzo mtu mzima alipata ratili moja ya unga kwa siku, gramu 450, na mara kwa mara nyama, sukari au mchele kidogo. Ikashuka hadi robo tatu, kisha nusu ratili. Mwezi Novemba ilifika robo ratili, na mtoto nusu ya hiyo. Pimeni kwa kikombe cha chai: nusu ratili ni chini ya vikombe viwili vya unga, na robo ratili ni kikombe kimoja kisichojaa. Gramu 115 za unga wa ngano zina kama kalori 400. Mtu mzima anayevuta mzigo kwenye baridi huhitaji mara nane au zaidi ya hapo. Waliupika kuwa uji, au waliukanda na maji wakaoka kwenye kikaango. Ng'ombe waliochinjwa hawakusaidia sana, kwa sababu nao walikuwa wamekonda kama watu. Mwili unaotaka joto unataka mafuta, na nyama ile haikuwa nayo. Wengi walikula wakaharisha, na aliyeharisha hakuweza kuvuta kesho yake.

Walitumaini kukuta magari ya chakula kutoka Utah karibu na Fort Laramie. Walipofika huko tarehe 8 Oktoba hapakuwa na kitu, na baadhi wakauza saa na vito vyao kwenye ngome wapate mikate. Kule Salt Lake watu walidhani misafara ya mwaka huo imekwisha.

Tarehe 17 Oktoba, Deer Creek, waliamriwa kupunguza mizigo: ratili 10 kwa mtu mzima na 5 kwa watoto wadogo. Watu walikuwa dhaifu, mikokoteni ilikuwa haiendi, na mkuu wa msafara alitaka mwendo. Blanketi na nguo za baridi zikachomwa moto. Siku mbili baadaye, tarehe 19, wakauvuka mto North Platte kwa mara ya mwisho. Maji ya barafu yalifika kiunoni kwa watu wazima wengi. Walipotoka upande wa pili, dhoruba ya kwanza ya theluji ikaanza, nao wamelowa, hawana nguo za kubadili.

Ukitaka onyesho moja la kati katika igizo, chukua siku hizi tatu. Chomeni kile kinachohitajika, kisha vukeni mto. Halihitaji maneno mengi.

Kwa Nellie yaliyofuata yalikwenda upesi. Mama yake aliishiwa nguvu, baba akampakia kwenye mkokoteni akamvuta. Inasimuliwa katika familia kwamba baba aliteleza akaanguka wakati wa kuvuka maji, akaendelea na nguo mbichi. Alikufa yapata tarehe 22 Oktoba. Mama akafuata siku tano baadaye, tarehe 27. Tarehe 28 wapanda farasi watatu kutoka Utah, Joseph A. Young, Dan Jones na Abel Garr, walifika kambini Red Buttes na habari kwamba magari ya msaada yako mbele. Tangu kuvuka mto, msafara ulikuwa umezika watu 56.

Msaada huo ulitoka wapi? Franklin D. Richards, kiongozi wa misheni ya Kanisa Ulaya, aliyekuwa amewapita njiani kwa magari mepesi, aliingia Salt Lake tarehe 4 Oktoba akasema bado kuna watu zaidi ya elfu nyikani. Kesho yake Brigham Young aliugeuza mkutano mkuu kuwa wa kukusanya nyumbu, unga, blanketi na madereva. Tarehe 7 magari ya kwanza yakaondoka, yakiongozwa na George D. Grant. Siku mbili tu tangu watu walipoambiwa.

Lakini magari yale hayakutosha kubeba watu wote wa Martin. Tarehe 4 Novemba walivushwa mto Sweetwater wakajificha kwenye bonde dogo lililozungukwa na vilima vya mawe, leo huitwa Martin's Cove. Hapa nikusahihishie simulizi moja mnayoweza kuwa mmeizoea: kwamba vijana watatu wa miaka 18 waliwabeba karibu wote mtoni, kisha wote watatu wakafa kwa sababu ya baridi ile. Waliobeba walikuwa zaidi ya watatu, hawakuwabeba watu wote, na vijana wanaotajwa waliishi miaka mingi baadaye. Walichofanya kilikuwa kikubwa bila kuongezewa kifo.

Ardhi ilikuwa imeganda hata vigingi vya mahema havikuingia. Tarehe 6 Novemba kipimajoto cha waokoaji kilisoma nyuzi 11 chini ya sifuri kwa Farenhaiti, yaani yapata −24 za Selsiasi. Siku hiyo Nellie alitimiza miaka kumi.

Miguu yake iliharibika vipi, hilo wasichana watauliza, na inafaa walijue sawasawa. Mwili ukipoa huzuia damu isifike pembeni ili moyo na ubongo vibaki na joto, kwa hiyo vidole vya miguu huachwa kwanza. Kitambaa kilicholowa hunyonya joto haraka mara nyingi kuliko kikavu. Ngozi ya kiatu ikilowa kisha kukauka hujikaza, ikabana mshipa uliokwisha kusinyaa. Mtoto mwenye njaa hana mafuta ya kuchoma. Na jeraha la baridi likiganda, likayeyuka karibu na moto jioni, likaganda tena asubuhi, huwa baya kuliko lililobaki limeganda mfululizo. Haya yote yalimpata Nellie kwa pamoja, tena bila mzazi wa kumvua viatu usiku na kumtazama miguu. Kwa kawaida hiyo ilikuwa kazi ya mama.

Kuna msichana mwingine wa kulinganisha naye, Agnes Caldwell kutoka Scotland, naye wa miaka tisa, katika msafara wa Willie. Magari ya msaada yalipowafikia, alikimbia pembeni ya gari moja akitumaini kupandishwa. Dereva akamshika mkono, kisha akawahimiza farasi, akamlazimu kukimbia mbali sana. Agnes alisimulia ukubwani kwamba wakati ule alimwona mtu yule kuwa katili kuliko wote. Alipokuwa karibu kuanguka, dereva alisimama, akamfunga blanketi akamlaza ndani, na ndipo mtoto akaelewa kwamba mbio zile zilirudisha damu miguuni. Angepandishwa akiwa amepoa, akae bila kusogea kwenye gari la wazi, angeganda. Onyesho hili liingizeni. Watoto hulielewa mara moja.

Tarehe 9 Novemba msafara wa Martin uliondoka bondeni. Mikokoteni mingi iliachwa, na kadiri magari zaidi yalivyowafikia njiani, ndivyo watu wengi zaidi walivyopanda. Waliingia Salt Lake Jumapili tarehe 30 Novemba. Brigham Young aliuahirisha mkutano wa alasiri, akawaambia waumini waende nyumbani wawapokee. Alisema sala ni njema, lakini mwenye kuhitaji kiazi cha kuchoma na maziwa, sala haishiki nafasi yake.

Walipomvua Nellie viatu na soksi, ngozi ilitoka nazo. Miguu ya Maggie ilipona. Ya Nellie ilikuwa imekufa, ikakatwa yote miwili chini kidogo ya magoti, kwa kisu cha mchinjaji na msumeno wa seremala, bila dawa ya usingizi. Klorofomu ilikuwa ikitumika Uingereza tangu 1847, ila yeye hakuipata. Jambo lililomtesa maisha yake yote ni namna mguu ulivyokatwa. Daktari anayekata vizuri huacha ngozi na nyama za kutosha kufunika ncha ya mfupa. Yeye hakuachiwa. Mifupa ilibaki haina kifuniko, vidonda havikufunga kamwe, na mguu wa bandia haukuweza kukaa juu yake. Alitembea kwa magoti. Miaka mingi baadaye daktari mmoja alijitolea kumkata upya juu zaidi, apone na avae miguu ya bandia. Alikataa, kwa kukumbuka mara ya kwanza.

Alihamia Cedar City, kusini mwa Utah, akaolewa na William Unthank, akalea watoto sita. Nyumba yao ilikuwa ya magogo, sakafu ya udongo, naye aliinyunyizia maji na kuikwangua mpaka ikawa ngumu na laini. Alifua nguo za watu akiwa amepiga magoti mbele ya beseni, alifuma soksi na vitambaa vya meza akauza. Kata yake ya kanisa na majirani walipomsaidia, yeye na watoto walikwenda mara moja kwa mwaka kuisafisha nyumba ya ibada: wavulana wakichota maji, wasichana wakiosha madirisha, yeye akisugua sakafu. Alifariki 1915. Katika chuo kikuu cha Southern Utah, mjini Cedar City, ipo sanamu yake ya msichana, amesimama kwa miguu miwili.

Nina ombi kuhusu igizo: msimwonyeshe kama mtu wa kuhurumiwa. Msichana atakayemwigiza akiwa mkubwa apewe beseni na ubao wa kufulia, afue kweli jukwaani wakati msimulizi anazungumza.

Limebaki la deni. Mkopo wa mfuko ulikuwa mkopo halisi wenye riba, si zawadi. Aliyekopa alitia sahihi Liverpool kwamba atalipa kwa pesa, mazao au kazi, ili fedha ile imsafirishe mwingine. Wengine walilipa kwa siku za kazi kwenye ujenzi wa Kanisa, wengine kwa nafaka na ng'ombe, na wengi hawakuweza kulipa kabisa kwa miaka mingi. Mwaka 1880, Kanisa lilipotimiza miaka 50, viongozi walifuta dola 802,000, nusu ya deni lote la mfuko, wakiwalenga maskini walioshindwa kweli. Wenye uwezo walitakiwa kuendelea kulipa. Mfuko wenyewe ulivunjwa na sheria ya Bunge la Marekani mwaka 1887.